Nikishika mteremko nasahau nina watu nyuma

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, mkaazi wa Kisauni, na kazi yangu ni fundi wa baiskeli hapa Kongowea. Safu yako naisoma sana na sikudhani siku moja nami ningeandika. Lakini hili limenikaa kifuani wiki tatu sasa, usingizi hauji vizuri, na nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu mama akilisikia lote atanifichia baiskeli.

Mwalimu, mimi hushindana mbio za mteremko. Hapa kwetu wengi hawaujui mchezo huu, wanaona baiskeli ni ya kubebea mikate na madafu. Sisi tunaipandisha mlimani, tunavaa helmeti ya kufunika uso mzima na vikinga vya magoti na viwiko, halafu tunaachiliwa mmoja mmoja kushuka njia ya mawe na mizizi huku saa ikihesabu. Mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye mshindi. Hapa Mombasa milima mikubwa hatuna. Nikitaka kujifua huenda Nguu Tatu, au Mazeras na Rabai, na mbio zenyewe vijana tunajiandalia milima ya Taita, tukichangiana nauli ya lori. Baiskeli yangu nimeiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba, kipande baada ya kipande, miaka miwili. Foki yake ya mbele inabonyea milimita 200, diski ni za mafuta, na tairi zake ni pana kama za pikipiki ndogo. Mwaka jana nilikuwa wa pili. Aliyenishinda alinipita kwa sekunde moja na ushei.

Sasa, miezi minne nyuma, bwana mmoja anayepeleka watu misafara ya baiskeli wikendi, wengine wenyeji, wengine wageni wa mahotelini, alinichukua nijifunze kuongoza. Malipo yapo, si haba, kushinda ya dukani. Kazi yangu ilikuwa kukagua baiskeli siku ya Ijumaa, na siku ya safari kukaa mbele na kuonyesha njia.

Jumamosi yenyewe tulikuwa wageni tisa na sisi wawili. Tulivuka feri ya Likoni alfajiri, pikapu ikatupandisha mpaka Kwale, tukanywa chai ya tangawizi na mahamri pale mjini, kisha tukaanza kushuka kwa vijia vya mashambani kuelekea Kombani. Mama mmoja akachomoka cheni na bwana mkubwa akabaki nyuma kumsaidia. Mimi nikaendelea na wengine. Tulipofika mahali njia inapoinama, Mwalimu, sijui nikuelezeje. Mwili wenyewe uliamua. Nilishusha kiti, nikasimama juu ya pedali, nikaachia breki. Sikusikia kitu ila upepo. Nilipofika chini nilisimama chini ya mwembe nikicheka peke yangu kama mwehu.

Nikangoja. Akaja mmoja. Akaja wa pili. Wa tatu alikuwa akipiga kelele kwamba mzee ameanguka.

Huyo mzee ana miaka 58, karani mstaafu wa bandarini, mtu mpole sana na mteja wangu wa siku nyingi. Nilimkuta kwenye kona ya mchanga, baiskeli huku, yeye kule, ameshika bega. Amevunjika mtulinga. Aliniambia neno moja tu: "Nilishika breki kidogo tu, ikanitupa." Na breki hazikuwa mbovu, Mwalimu. Siku hiyo alipanda baiskeli ya msafara kwa sababu yake mwenyewe, aliyoletewa na mwanawe kutoka Ujerumani, ilikuwa kwangu dukani ikingoja tairi. Ile ya msafara nilizifunga breki zake mimi mwenyewe Ijumaa, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, kama nifungavyo zangu, na zilikuwa zikishika barabara. Tulimpakia kwenye Probox, tukakwama kwenye foleni ya feri, jua limeshakuwa kali, naye akiuma meno kila gari likisogea.

Jioni bwana mkubwa aliniita. Akasema mtu wa mbio hawezi kuongoza watu, damu yake ni nyingine. Nichague: niache mashindano kabisa, au nirudi kwenye spana zangu. Tena akanikataza kwenda kumwona mzee, ati nikienda itakuwa nimekiri kosa na atadai fidia.

Mbio za Taita zimebakisha wiki tano na safari hii naamini nitashinda. Kazi ya msafara nayo naitaka, maana dukani kuna siku narudi nyumbani na shilingi mia mbili. Na kila nikipita mtaani kwa yule mzee nazungukia nyuma ya msikiti nisionane naye. Nifanye nini?

Kuna jambo jingine dogo. Wiki moja kabla ya safari hiyo nilianguka Mazeras nikagonga kichwa. Sikuzimia, ila sikumbuki nilivyofika barabarani. Tangu hapo kichwa kinanigonga kila jioni na mwanga wa simu unanichoma macho. Helmeti ilipata ufa mdogo, nimeutia gundi. Nadhani itapita.

Fundi wa Kongowea

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ugonjwa wetu sisi walimu wastaafu. Umeniandikia kwa kirefu juu ya bwana mkubwa, mbio za Taita na mzee wa bandarini, halafu pale chini, karibu na sahihi, ukachomeka "jambo jingine dogo". Mimi naanza na hilo dogo, maana ndilo linaloweza kukuzika.

Mtu kugonga kichwa, akasahau alivyofika barabarani, kisha kichwa kikawa kinamgonga kila jioni na mwanga kumchoma, hizo ni dalili za mtikisiko wa ubongo. Watu hudhani mpaka uzimie. Sivyo. Wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo. Huinuka, wakajikung'uta vumbi, wakapanda baiskeli, na jioni wakala ugali kama kawaida. Mtu mzima aghalabu hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Wewe umetimiza wiki nne. Kwa hiyo usiniambie itapita. Nenda hospitali wiki hii, mweleze daktari kama ulivyonieleza, na hilo la kusahau usiliruke. Ukianza kutapika, au kulemewa na usingizi usio wako, au mkono kukosa nguvu, au maneno kukuchanganyikia mdomoni, hapo usingoje kesho. Mwamshe mama usiku huohuo, baiskeli aifiche au asiifiche.

Ubongo ulioumia ukipigwa tena kabla haujapona, pigo dogo linaweza kuleta balaa kubwa. Ndiyo maana wanamichezo wana utaratibu wa kurudi ngazi kwa ngazi: siku moja au mbili za kupumzika, kisha kutembea, kisha kuendesha taratibu mahali tambarare, na kila ngazi ipewe siku nzima au zaidi kabla ya kupanda inayofuata. Dalili zikizidi, unashuka. Mchezo wa kuanguka haurudiwi mpaka daktari aseme. Basi habari ya mbio za wiki tano zijazo ni ya daktari kuamua, na mimi ningekuwa wewe jina langu ningeliondoa leo.

Helmeti nayo itupe. Lile povu gumu la ndani limetengenezwa lipondeke badala yako, na likishapondeka halirudi. Gundi imeshika ganda, povu haikulifanya kitu. Na usiitupe hivihivi, ikate kamba zake kwanza, kusudi mtoto asije akaiokota jaani akaivaa akidhani ana kinga.

Nasema haya pia kwa sababu ya ile Jumamosi. Mtikisiko huweza kupunguza kasi ya kufikiri na kuharibu uamuzi wa mtu. Sisemi ndio uliokufanya uwaache wenzako. Lakini mtu mwenye kichwa kinachomgonga hakupaswa kushika mbele ya msafara, na bwana mkubwa hangeweza kujua kwa kuwa hukumwambia. Hilo ni lako.

Sasa breki. Hapa, fundi, nimekushangaa.

Umesema breki zilikuwa zikishika barabara, na mimi nakuamini. Ulizifunga kulia mbele, kushoto nyuma, mtindo wa Kiingereza. Baiskeli ya mzee imetoka Ujerumani, na kule, kama ilivyo Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, kwa kawaida breki ya mbele huwa mkono wa kushoto. Mzee amezoea miaka mingapi kushika kulia akitaka breki ya nyuma? Ameingia kona ya mchanga, ametaka kupunguza mwendo kwa adabu kama alivyozoea, mkono wa kulia ukaenda wenyewe, gurudumu la mbele likashika kwenye mchanga, naye akapita juu ya usukani. "Nilishika breki kidogo tu." Kwa maelezo yako mwenyewe sioni sababu nyingine iliyo karibu zaidi ya hiyo. Alikuwa anakwambia ukweli mtupu, nawe ulikuwa na jibu lake limetundikwa dukani kwako likingoja tairi.

Baiskeli za mtumba zinatujia kutoka kila upande wa dunia, wewe unalijua hili kuliko mimi. Kwa mpanda baiskeli mmoja anayepanda yake kila siku, si neno. Kwa msafara wenye wenyeji na Wazungu juu ya baiskeli za kukodi, ni jambo la kwanza kuuliza kabla hata ya kupima upepo wa tairi: mkono wako upi ni wa mbele? Mfanye kila mtu asukume baiskeli hatua mbili, ashike mkono mmoja, aone gurudumu lipi limekaza. Inachukua dakika moja. Anayetaka zibadilishwe, wewe ni fundi, zibadilishe kama zinabadilika, na kama hazibadiliki fungia kipande cha utepe mwekundu kwenye mkono wa mbele.

Nije kwenye lile swali lako la kuchagua.

Mchezo wenu nilikuwa siujui. Mjukuu wangu alinifungulia kwenye simu, tukakaa barazani, yeye akishangilia na mimi nikishika moyo. Alinionyesha ubingwa wa dunia wa mwaka 2013, uliofanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Greg Minnaar alikuwa akishindana katika mji wake wa nyumbani. Karibu na mwisho tairi likamwishia upepo, akaendelea nalo hivyohivyo, akatwaa ubingwa kwa chini ya nusu sekunde. Mjukuu aliruka. Mimi nilikuwa nikitazama kitu kingine: nyuma yake hakukuwa na mtu anayemtegemea. Walioshuka kabla yake walikuwa mbele kwa mbali, na wa baada yake waliachiwa kwa nafasi. Njia imezungushiwa utepe pande zote, watazamaji wako nje, wahudumu wamepangwa wakiwa tayari. Yule bwana ni kama alipewa mlima mzima peke yake.

Huko ndiko mwili wako ulikosomea, mwanangu. Umeufunza miaka kadhaa kwamba njia ikiinama maana yake njia ni tupu. Hakuna mtu nyuma, hakuna mama mwenye ndoo ya maji kichwani anayekuja mbele, hakuna mbuzi. Kwa hiyo pale Kwale, njia ilipoinama, mwili ulifanya ulichofunzwa. Nami siuiti ubaya wa damu, kama anavyosema bwana wako. Ni mazoea, na mazoea hufunzwa mengine.

Tena mchezo wenyewe una nusu ya pili ambayo hukuitaja kwenye barua, nikadhani labda kwenu mmeiacha, mpaka mjukuu aliponihakikishia kwamba kila mshindani huifanya. Kabla ya mbio mnaitembea njia kwa miguu. Mnasimama kwenye kila jiwe, mnainama kutazama mzizi, mnapima mchanga kwa kisigino, mnajadiliana mstari upi upite, na wapi breki ishikwe kabla ya kona na iachiwe. Saa nzima kwa njia ya dakika tatu. Kijana anayetembea njia namna hiyo ndiye kiongozi wa msafara. Amekwisha kuwepo ndani yako. Jumamosi ile ulimwacha Kongowea ukaenda na yule mwingine.

Basi fanya hivi. Siku moja kabla ya msafara, nenda ukaitembee njia kama ungeshindana kesho yake, lakini usiitazame kwa macho yako. Itazame kwa macho ya mzee wa miaka 58 aliyekaa ofisini maisha yake yote. Ile kona ya mchanga wewe huihesabu kuwa kona. Kwake ni mlango wa hospitali. Siku ya safari, msafara usimame juu ya kila mteremko, hata kama ni mfupi, nawe ueleze kwa maneno ya kawaida: baada ya mkorosho ule kuna mchanga, punguzeni mwendo kabla ya kuufikia na ndani yake msishike breki ya mbele, kiti chini, simameni kwenye pedali zikiwa sawa, macho yatazame mbali, si kwenye gurudumu. Asiyejisikia ashuke asukume, na umwambie hivyo mbele ya wote ili asione haya. Kisha waachie mmoja mmoja kwa nafasi. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa anapita zaidi ya mita 8 kila sekunde, na mwendo ukizidi maradufu, breki huhitaji umbali mara nne kumsimamisha. Wapya hawalijui hilo mpaka wamgonge wa mbele.

Wewe ushuke mwendo ambao ukigeuza kichwa unamwona anayekufuata. Humwoni, unasimama. Hiyo tu, na itakuuma kuliko mazoezi yoyote uliyowahi kufanya.

Na nyuma lazima awepo mtu. Hapa nina kisa changu, na sikipendi.

Nilipokuwa nikifundisha, miaka ya themanini, nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Tiwi kwa baiskeli, zile Black Mamba nzito zenye kelele. Siku moja walikuwa kumi na wanne. Mimi mbele, kifua wazi, nikijiona jemadari. Tukaingia feri kwa msukumano kama kawaida ya Likoni, na katikati ya maji nikahesabu: kumi na watatu. Nikahesabu tena. Kumi na watatu. Feri haigeuzwi kwa sababu ya mwalimu. Ilibidi nifike ng'ambo, niwaache watoto chini ya ulinzi wa muuza madafu nisiyemjua, nirudi na feri nyingine. Nilimkuta kijana amekaa upande wa kisiwani juu ya gunia, anakula mabuyu. Ndara yake ilikuwa imevuka mguuni kwenye teremko la kuingilia feri, akarudi kuiokota. Hakuwa analia. Aliyelia ni mimi, na ilikuwa mbele ya watu.

Tangu siku hiyo sijapata kuhesabu watu kwa macho. Macho yanadanganya, yanahesabu unachotarajia. Kila mtu nilimpa namba, na tukisimama wanaziita wenyewe kwa sauti, mimi namba moja, na wa mwisho akawa mtu mzima niliyemwamini ambaye haruhusiwi kumpita yeyote kwa sababu yoyote. Cheni ikichomoka, wa mwisho anapiga filimbi na msafara mzima unasimama. Hausongi mbele nusu. Kwenye njia panda anaachwa mtu, haondoki mpaka wa mwisho amfikie.

Sasa umeona bwana mkubwa alipokosea. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma, akashikwa na cheni ya yule mama, na hakukuwa na ishara ya kuwasimamisha mbele. Akamwachia watu wanane kijana mwenye mafunzo ya miezi minne, bila kumwambia asimame wapi. Wewe umekosa, lakini hata kama ungeshuka pole kama bibi harusi, utaratibu wenyewe ulikuwa na tundu. Mwambie, kwa adabu, na si siku ambayo ana hasira.

Ati mtu wa mbio hawezi kuongoza watu? Asubiri kidogo. Huko Kikuyu kuna David Kinjah, mwanabaiskeli wa mashindano aliyeiwakilisha Kenya, ambaye amewafunza watoto wa kijijini miaka na miaka. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne, kati ya 2013 na 2017. Asingejua kuwangoja watoto, asingebaki na mtu wa kumfundisha.

Kwa hiyo mbio usiziache milele. Ziache mpaka kichwa kipone, kisha zipe siku zake na mahali pake: njia imefungwa, wenzako wako juu na chini, helmeti ni mpya. Baiskeli ile ya milimita 200 usiende nayo kwenye msafara hata siku moja. Panda ya kawaida, ikiwezekana ileile wanayopanda wageni. Ikikutetemesha mikono utajua inavyowatetemesha wao.

Mengine nitayapitia haraka. Kajifunze huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya hufundisha, na St John Ambulance pia. Kwenye mkoba wako, pamoja na pampu, tyubu na viraka, usikose leso. Leso moja ya mama yako ingemfunga mzee mkono kifuani na ile foleni ya feri ingemuuma kidogo. Kuongoza watalii kwa malipo kuna leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na anayeitoa ni Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Ulizia ofisini kwao wewe mwenyewe badala ya kusikiliza maneno ya vijiweni. Ukitaka kwenda mbali zaidi, chama cha waongozaji wa safari, KPSGA, kina mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Ndege na miti utavisoma tu, usiogope. Hifadhi ya Shimba usiwakatishe watu kwa njia za panya. Mle mna tembo na nyati. Na vijia vile vya mashambani vina wenyewe. Mkifika kwenye nyumba za watu punguzeni mwendo, toeni salamu, siyo kupita kama kondoo waliofumaniwa na fisi. Mwezi wa pili, kaskazi inapovuma na jua linapochoma, muwe mmemaliza kabla ya saa nne asubuhi, na maji mzidishe kuliko mnavyodhani.

Muulize pia bwana mkubwa kama misafara yake ina bima. Akijibu kwa kukohoa, umepata jibu, na unajua utafute mwalimu mwingine wa kazi hii.

La mwisho ni mzee. Sikubaliani kabisa na katazo la kutokwenda. Mambo ya fidia yana mahali pake, na wewe hutakwenda kuyajadili. Akiyagusa, mwambie utamfikishia mwenye msafara. Lakini mteja wako wa siku nyingi amelala na mtulinga uliovunjika, nawe unazungukia nyuma ya msikiti! Wiki tatu hizi anajilaumu kwamba hajui kushika breki. Huenda ameamua hatapanda tena baiskeli, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba mkono wake haukukosea.

Nenda alasiri, baada ya swala, ametulia. Chukua chochote mkononi, hata maembe mawili. Baiskeli yake itie hilo tairi kwanza, uende nayo ukiisukuma, usiipande. Ukishamwamkia na kumpa pole, mshikishe usukani kwa ule mkono mzima, halafu umuulize: mzee, kwenye hii yako, breki ya mbele ni mkono gani?